Elfu Thelathini na Mbili kwa Gita ya Grevilia, na Bei Haishuki

Wacha niseme hii kitu mara moja nisiulizwe tena kwa meseji. Ile gita niliyoweka kwa video wiki jana, ile ambayo shingo yake inang'aa kama magamba ya samaki, bei yake ni 32,000. Komenti ya kwanza ikasema, "32 kwa mbao ya kupigilia mabati?" Watu wakacheka, ikapanda juu kabisa. Ya pili: "Hiyo pesa hapa Kitale napata gita nne na mfuko juu." Ya tatu ilitoka kwa mtu wa Bungoma, na hiyo ndiyo ilinikera: "Huyo mzee si fundi wa gita, ni fundi wa majeneza."

Haya, tuanze na hiyo ya tatu. Ni kweli. Khocha wangu, kaka yake mama, anatengeneza majeneza. Pia milango, vitanda na madawati ya shule. Anatengeneza majeneza kwa sababu hakuna mtu amewahi kuagiza jeneza halafu akamwambia atalichukua mwezi ujao. Gita anatengeneza kwa sababu alianza na litungu akiwa kijana, na ni litungu iliyomfundisha kugonga mbao kwa kidole na kusikia kama imekauka. Sasa nyinyi mnamcheka kwa kile kinachomlisha, halafu mnakataa kununua kile ambacho kingemtoa huko. Mnataka afanye nini hasa?

Sasa hiyo ya mabati. Ndiyo, ni grevilia. Ile ile iliyo kwenye mpaka wa shamba lenu. Mti huu ulitoka Australia, ukaletwa huku enzi za wakoloni kutia kivuli kahawa na chai, na leo ukitoka Kitale kwenda Bungoma kwa matatu unauona njia yote mpaka unaacha kuuona. Tunaukatia kuni, mbao za paa, na za kuchomea matofali. Huko ulikotoka jina lake lina neno hariri ndani, na watu waliutengenezea fanicha za sebuleni. Sisi hatujui kwa nini uliitwa hivyo kwa sababu hatujawahi kuupasua vizuri.

Nieleze. Ndani ya gogo kuna mistari inayotoka kwenye kiini kwenda kwenye gome, kama spoku za baiskeli. Kwa miti mingi mistari hiyo ni myembamba mpaka huioni. Kwa grevilia ni minene. Ukipasua mbao ukifuata hizo spoku, zinafunguka kwa ubavu na unapata mabaka mabaka yanayong'aa, yanayobadilika ukigeuza mbao kwenye mwanga. Lakini wenye msumeno wa injini wakija shambani wanateremka gogo slaisi kwa slaisi kama mkate. Hapo mabaka yanatokea kwenye mbao mbili tatu za katikati, zingine zote zinatoka za kawaida. Hizo mbili tatu zinarushwa kwa rundo na wenzake, zinaenda kushika mabati. Kuna paa Kiminini zina shingo za gita arobaini ndani yake na wenyewe hawajui.

Na angalia bahati hii: upasuaji huo huo wa kufuata spoku ndio mafundi wengi wa gita duniani wanaupendelea kwa shingo, kwa sababu mbao iliyokaa hivyo haipindi ovyo ikinyonya unyevu na kukauka. Shingo inabeba mzigo, jamani. Nyuzi sita za chuma za gita ya kawaida zinavuta kwa nguvu ya kama kilo 70 hadi 80, usiku na mchana, hata ikiwa imetundikwa tu ukutani. Ni mtu mzima amening'inia hapo miaka yote.

Shida ni kwamba uzuri huo unapigana na randa.

Yeyote aliyewahi kupiga randa mbao ya saiprasi anajua: unafuata mwelekeo wa nyuzi, utepe unatoka mrefu, mbao inabaki laini. Ukienda kinyume inachanika, unageuza mbao, mambo yanaisha. Kwa mbao yenye maua hakuna cha kugeuza. Mabaka ya grevilia yanabanduka kama rangi ya ukuta uliolowa. Mvule, ambayo khocha anaweka juu ya shingo pale vidole vinapobonyeza, ina vituko vyake: nyuzi zake zimelala mkanda mmoja huku na mkanda wa pili kule, kwa hivyo randa inayolainisha huu inauchana ule. Na mvule ina mawe. Sio utani. Mti wenyewe huwa unajaza chokaa kwenye nyufa zake za ndani, inakuwa ngumu kama jiwe, na huioni mpaka ile patasi uliyonoa asubuhi nzima imeng'oka jino.

Kwa mlango, mchaniko ni kitu kidogo. Unaweka puti, unapiga vanishi, mwenye nyumba anashukuru. Kwa shingo ya gita, kiganja kinapita hapo wimbo baada ya wimbo na kitajua. Na huwezi kutoa kishimo bila kushusha kila kitu kinachokizunguka, na shingo haina nyama ya kuchezea. Unene wake karibu na kichwa ni milimita 21, karibu na mwili ni 23, na hapo ndani kuna mfereji wenye chuma cha kuzuia isipinde. Chini ya huo mfereji zimebaki milimita kama tano za mbao. Ukishusha mbili umeharibu wiki.

Kwa hivyo khocha anafanya hivi. Kwanza anachonga mahali pawili tu, karibu na kichwa na karibu na mwili, mpaka pakae sawa na vipande vya katoni alivyokatia umbo. Halafu anaunganisha hizo sehemu mbili kwa mstari ulionyooka. Haanzi na mviringo, ukianza na mviringo umepotea. Anakata pembe, halafu pembe za hizo pembe, halafu za hizo tena, mpaka pembe zinakuwa nyingi zinapotea zenyewe. Anatumia randa ndogo, kisu chake kimetokeza unene wa karatasi, na anaisukuma kimshazari. Akisikia sauti imebadilika anasimama hapo hapo. Hiyo sauti mimi siisikii mpaka leo, nimerekodi na simu nikairudia mara ngapi sijui. Hapo anaacha randa, anachukua tupa. Na tupa ikishakaribia kipimo, anachukua kioo.

Kioo cha dirisha kilichovunjika, ndiyo. Mlicheka hapo pia kwa video. Sasa mpini wa jembe la nyanya yako ulilainishwa na nini? Makali ya kioo hayachimbi kama randa, yanakwaruza. Yanatoa unga, na hayajali sana nyuzi zimelala upande gani, ndiyo sababu yanaweza mahali randa imeshindwa. Huko ng'ambo mafundi wa gita wanafanya kazi hiyo hiyo na kipande cha chuma bapa kilichonolewa ukingo, kinauzwa dukani na jina lake. Khocha hajawahi kukinunua. Ameokota kioo.

Mwisho ni taa. Giza likiingia anazima stima ya juu, analaza tochi ya simu ubavuni mwa shingo, na kila bonde linatoa kivuli. Anaweka alama na penseli, anakwaruza, anaangalia tena. Siku nne zinaisha kwa shingo peke yake. Na vumbi la grevilia linawasha ngozi ya watu wengine, yeye mmoja wao, kwa hivyo anavaa mikono mirefu hata jua likiwa la kuchoma.

Piga hesabu sasa, si mnapenda hesabu. Vikaza nyuzi, nyuzi zenyewe, waya wa freti na kile chuma cha ndani vinatoka Nairobi, pamoja na kutumwa ni 7,500. Mbao 3,000, ukihesabu na ile iliyopasuka ikikauka. Gundi, msasa na mafuta 1,500. Hiyo ni 12,000. Zimebaki 20,000, mimi wa kupiga video na kuwajibu nyinyi nachukua 2,000. Gita nzima inamchukua siku kumi na nane. Elfu moja kwa siku. Fundi wa kujenga ukimpa hiyo anakuuliza chakula cha mchana kiko wapi, na humwiti mwizi. Na sijahesabu mwaka ambao mbao imelala juu ya dari ikikauka, ncha zake zimepakwa rangi zisipasuke. Kila inchi ya unene ni kama mwaka mmoja ukikausha kwa hewa. Mbao ya yadi inauzwa mbichi, ukifanyia shingo leo, Desemba itakuwa upinde wa mshale.

Kuna mmoja aliandika vizuri, kwa heshima, ni mwanafunzi wa uhandisi. Anasema tununue mashine ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta. Huyo nitamjibu vizuri pia. Mashine inafanya kazi, sikatai. Viwanda vikubwa vinachonga shingo nayo kwa dakika, halafu watu wanamalizia na msasa. Na ukiwa na visu vikali na ukienda polepole inaweza hata mbao yenye maua. Lakini mashine inapenda mbao iliyonyooka, ya kufanana, mia moja kwa mpigo, na ndiyo hiyo iko ndani ya gita ya 8,000 unayoona ikining'inia mjini. Sisi tukikopa tununue mashine, tutatengeneza gita ya 8,000 na kuiuza 15,000. Nani atanunua? Fundi wa Bungoma atashinda China mahali pamoja tu, pale ambapo kila ubao ni tofauti na mwenzake na lazima mtu asimame aangalie. Ukimwondoa hapo umempeleka kupigana kwa uwanja wa wengine.

Halafu kuna wale wa "apake nyeusi ifanane na ya duka." Hao sina nguvu nao. Mtu amepasua gogo kwa kufuata spoku, ametupa nusu, amekwaruza na kioo siku nne ili mabaka yatoke, wewe unataka afunike na rangi ya geti.

Na hapa nitawaudhi wauzaji wenzangu: maua ya mbao hayaongezi sauti. Anayekuambia shingo yenye mawimbi inaimba vizuri zaidi anataka pesa yako. Tena kuna maua mengine ni hatari. Nyuzi zikipinda sana, kama zile za karibu na panda la tawi, shingo inaweza kujikunja baadaye, na khocha huwa anazikataa hata ziwe nzuri namna gani. Anazifanyia vifuniko vya kichwa cha gita, vipande vyembamba visivyobeba mzigo. Unalipia kitu kizuri, kilichochongwa kikakaa kwa mkono, na kilichotoka kwa mti ambao pengine babu yako alipanda. Kama hutaki kulipia uzuri, sawa, lakini sema hivyo. Usiseme ni wizi.

Wengine walikuja na utamaduni. "Gita si yetu, huyo mzee angebaki na litungu." Maneno matamu sana. Litungu ya Kibukusu ina nyuzi saba, ngozi, mikono miwili na mti wa juu wa kufungia, haina shingo kabisa, na nikiweka video yake mnaandika "tuhifadhi mila zetu" na mioyo kumi, halafu kimya. Inatolewa siku ya sherehe, inapigwa dakika tano mheshimiwa akishuka gari, inarudishwa nyumbani. Shule zinaikodi wakati wa Kenya Music Festival. Mwaka uliobaki fundi ale hiyo mioyo?

Na nani aliwaambia gita si yetu? George Mukabi wa huko Kakamega alifariki 1963, na mpaka leo kuna wazee wakisikia omutibo wanasimama. Gumba na kidole cha shahada, basi, na unadhani ni watu wawili wanapiga. Shem Tube na wenzake wa Abana ba Nasery, kule Bunyore, walipeleka mtindo huo mpaka Ulaya na chupa ya Fanta ikiwa ndiyo ngoma yao. Muziki wa gita tulishaufanya wetu kabla mama yangu hajazaliwa. Chombo ndicho bado tunanunua kikiwa kwa katoni.

Wale wa "rudi chuo kwanza" nao nimewaona. Niliacha mwaka wa pili, kila mtu anajua, songeni. Lakini kama mnadhani kazi ya mkono ni ya waliokosa kichwa, hesabu hii. Urefu wa uzi ni milimita 648. Gawa kwa 17.817, unapata 36.4, hapo ndipo freti ya kwanza inakaa. Toa, chukua kilichobaki, gawa tena kwa hiyo hiyo. Ukifika freti ya kumi na mbili lazima uwe umesimama katikati kabisa, 324. Ukiteleza milimita moja, gita haitawahi kukubali kuimba na piano. Khocha aliishia darasa la saba. Ameandika hesabu yote nyuma ya kalenda ya zamani na imetundikwa juu ya benchi.

Sasa kitu ambacho sikuweka kwa video. Kuna kanisa, silitaji, waliagiza gita tatu. Waliona mbao, wakashika, wakasifu, wakaomba wapunguziwe, wakapunguziwa. Shingo mbili zikiwa zimeisha, wakanunua za duka na hawakupiga hata simu. Yule kijana aliyekuwa akijifunza kwa khocha alikuwa anangoja pesa ya hiyo kazi. Sasa yuko stendi na bodaboda ya mkopo, na simlaumu, ana mtoto. Lakini alikuwa ameanza kusikia ile sauti ya randa. Mimi nina simu na maneno, yeye alikuwa na masikio.

Khocha ana miaka 61. Juzi akaniambia, bila hasira, akiwa anafagia: "Mwiwa, nikifika Krismasi bila oda sita, hizi vitu nitaziweka juu ya dari. Nitafanya milango." Nikamwuliza na zile mbao zinazokauka. Akasema zitafaa kwa kitu.

Zitafaa kwa jeneza, mtu wa Bungoma. Nzuri sana, zenye maua, zitafunikwa na udongo.

Kwa hivyo bei ni 32,000. Ile mliyoona kwa video ni shingo ya kwanza kati ya zile mbili za kanisa, imeshapata mwili na iko tayari. Ya pili bado ni shingo tu, mwenye kuitaka achague unene wake kabla haijaunganishwa. Nusu inalipwa kwanza na hairudishwi, hiyo sheria niliweka mimi, msimlaumu mzee. Na kama kwenu mnaangusha grevilia nene mwezi huu, kati ya Kitale na Bungoma popote, kabla wa msumeno hajaanza kuteremka nayo kama mkate, nipigie. Zile mbao za katikati tunanunua juu ya bei ya yadi, na nauli ni yetu.